Nyumba 60 za Geoff Palmer, au nani anapanga bei ya nyumba ambayo haijajengwa

Ukitoka katikati ya jiji la Los Angeles ukavuka barabara kuu ya 110 kuelekea magharibi, unakutana na majengo makubwa ya ghorofa yaliyopambwa kwa kuiga Italia, hata majina yake ni ya Kiitaliano. Mengi ni ya mwendelezaji mmoja, Geoff Palmer. Nikisema mwendelezaji nina maana ya mwenye mtaji anayenunua kiwanja na kujenga ili auze au apangishe. Fundi na mkandarasi ni watu wengine. Mradi wake mmoja ulikuwa jengo la nyumba 350 za kupangisha, na maduka chini yake, mahali ambapo zamani palisimama hoteli ya makazi ya vyumba 60 vya watu wa kipato kidogo. Hoteli ilikwisha kubomolewa. Jiji lilimkubalia mradi kwa sharti kwamba nyumba 60 ziwe za bei nafuu. Kama hataki, alipe dola 96,200 kwa kila nyumba asiyoijenga, yaani jumla ya dola 5,772,000.

Palmer hakukubali lolote kati ya hayo mawili. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ya California ikampa ushindi.

Namna alivyoshinda ndiyo iliyonifanya niandike. Majaji hawakusema kwamba nyumba za bei nafuu ni wazo baya. Walifungua sheria ya jimbo ya mwaka 1995, iitwayo Costa-Hawkins, inayompa mwenye nyumba haki ya kujipangia kodi ya kuanzia kila anapoingiza mpangaji mpya. Sheria hiyo ilitungwa kuibana miji kama Santa Monica na Berkeley, iliyokuwa ikiendelea kudhibiti kodi ya pango hata mpangaji wa zamani akihama. Lakini maneno yake yalikuwa mapana, na majaji wakayasoma kama yalivyoandikwa: sharti la jiji linampangia mwenye nyumba kodi ya kuanzia, kwa hiyo linagongana na sheria ya jimbo, na jiji likigongana na jimbo, linalopisha ni jiji. Ile ada nayo ikaanguka pamoja na sharti, kwa kuwa ilikuwa mlango wa pili wa chumba kile kile.

Jana yake sharti hilo liliitwa mipango miji. Siku ya pili likawa udhibiti wa kodi ya pango, na zege halikuongezeka wala kupungua hata kilo moja. Kesi za aina hii nchini Marekani zina umri wa zaidi ya miaka 50 sasa, na ukizipanga mstari utaona nyingi zinaamuliwa hapo hapo, kwenye jina. Je, amri hii ni ya matumizi ya ardhi? Ni udhibiti wa bei? Ni tozo? Ni kutwaa mali ya mtu? Kila jina lina mlango wake na mlinzi wake.

Hesabu ya nyumba 15

Kwanza tuelewane sharti lenyewe linafanyaje kazi, maana watu wengi wakisikia "nyumba za bei nafuu" hufikiria serikali inajenga. Hapa serikali haijengi hata choo. Halmashauri ya jiji au ya kaunti inatunga sheria ndogo inayosema: yeyote atakayejenga zaidi ya nyumba kadhaa, tuseme 20, atenge asilimia kadhaa, tuseme 15, kwa watu wa kipato fulani, na bei ya nyumba hizo ibaki chini kwa miaka kadhaa. Zilizobaki auze atakavyo.

Kipato hicho hupimwa kwa kuwapanga wakazi wa eneo, kaya kwa kaya, kutoka ya chini hadi ya juu, kisha kuangalia ile iliyoangukia katikati. Mwenye asilimia 80 ya kipato hicho cha katikati anaitwa wa kipato kidogo, mwenye asilimia 50 ni wa kipato kidogo sana, na chini yao wako wa asilimia 30. Nyumba inahesabiwa kuwa nafuu kama haili zaidi ya takriban asilimia 30 ya kipato cha kaya. Matokeo yake wakati mwingine ni kichekesho: kwenye eneo la San Jose, walikojazana matajiri wa teknolojia, familia ya watu wanne inaweza kuingiza zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka na bado ikaitwa ya kipato kidogo. Usicheke haraka. Kodi za huko zinaimeza hela hiyo vizuri tu.

Sasa chukua mfano wangu wa kubuni. Jengo lina nyumba 100. Kodi ya soko ni dola 3,000 kwa mwezi. Kumi na tano kati ya hizo zinatakiwa zipangishwe kwa 1,600. Mwenye jengo anakosa dola 1,400 mara 15, yaani 21,000 kila mwezi, au 252,000 kwa mwaka. Nani anazilipa?

Jibu la haraka ni kwamba atawapandishia wapangaji wale 85. Lakini hebu fikiri: kama soko lingekubali dola 3,200, mwenye nyumba angekuwa anasubiri nini kuitoza? Anatoza kile ambacho soko linabeba, sharti liwepo lisiwepo. Jibu la pili ni kwamba atapunguza faida yake. Atapunguza kidogo, lakini benki na wawekezaji wake wana kiwango ambacho faida ikishuka chini yake hawatoi mkopo. Kinachobaki ni kiwanja. Mwendelezaji anayejua kwamba atapoteza dola 252,000 kila mwaka anamwendea mwenye kiwanja na kumpa bei ndogo zaidi. Mwenye kiwanja akikubali, yeye ndiye aliyelipa. Akikataa, akasema bora abaki na maegesho yake ya magari hadi sharti lifutwe, hakuna kinachojengwa, na hapo analipa yule asiyepata nyumba, ya nafuu au ya ghali.

Ndiyo maana halmashauri zenye busara hazitoi amri mikono mitupu. Zinampa mwenye mradi ruhusa ya kupanda juu zaidi, zinampunguzia idadi ya maegesho, zinamharakishia kibali, pengine zinamsamehe kodi ya jengo kwa miaka kadhaa. California ina sheria ya jimbo lote kuhusu nyongeza hiyo tangu 1979, na mwaka 2021 anayetenga nyumba nafuu za kutosha aliruhusiwa kuongezewa hadi asilimia 50 ya nyumba juu ya kiwango cha kawaida.

Ng'ambo mbili za mto mmoja

Mto Potomac unapita kando ya Washington. Upande mmoja ni Kaunti ya Fairfax, jimbo la Virginia. Upande wa pili, jimbo la Maryland, ni Kaunti ya Montgomery. Kaunti zote mbili zilijaa wafanyakazi wa serikali kuu waliokuwa wakihamia vitongojini, zote mbili bei zake zilikuwa zikipanda, na zote mbili zilipata wazo lile lile karibu wakati mmoja.

Fairfax ilitangulia. Mwaka 1971 ikaamuru miradi ya nyumba 50 na zaidi itenge asilimia 15 kwa wa kipato kidogo na cha wastani. Kampuni moja ya ujenzi, DeGroff Enterprises, ikashtaki, na mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Virginia ikaifuta sheria ndogo hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza: jimbo liliipa kaunti mamlaka ya kupanga majengo yawe ya namna gani na yakae wapi, halikuipa mamlaka ya kuamua nani, wa kipato gani, ataishi humo. Ya pili: kumlazimisha mtu auze chini ya bei ya soko bila kumfidia ni kutwaa mali yake.

Sababu ya kwanza inahitaji maelezo, kwani msomaji wa Nairobi au Dodoma anaweza kudhani kaunti au mji una mamlaka kwa kuwa tu umechaguliwa na watu. Katiba ya Marekani haitaji mji wala kaunti hata mara moja. Inajua taifa na majimbo, basi. Mwaka 1868 jaji mmoja wa Iowa, John F. Dillon, aliandika kanuni ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake: serikali ya mtaa ni kiumbe cha jimbo, ina yale tu iliyopewa kwa maneno, yale yanayofuata lazima kutoka humo, na yale ambayo bila hayo haiwezi kuendesha shughuli zake. Penye shaka, haina mamlaka. Majimbo mengine yaliachana na kanuni hiyo na kuipa miji yao katiba ndogo za kujitawala. Virginia iliishikilia kwa nguvu.

Montgomery ilikuwa na uhuru zaidi, na iliweza kutazama yaliyoipata jirani yake. Sheria yake ilipitishwa mwishoni mwa 1973 na kuanza kutumika 1974: asilimia 15 katika miradi ya nyumba 50 na zaidi, lakini mwenye mradi aruhusiwe kuongeza hadi asilimia 20 ya nyumba juu ya idadi ya kawaida. Ukimwongezea mtu nyumba, inakuwa vigumu kwake kulia kwamba amenyang'anywa bila kulipwa. Sheria ile iko hadi leo, imebadilishwa mara nyingi, na imezaa zaidi ya nyumba 10,000. Fairfax ilibidi isubiri hadi bunge la jimbo lilipoiruhusu kwa maneno ya wazi, ikaanza upya mwaka 1990.

Montgomery nayo ilifanya kosa, na kosa hilo naliona ni funzo kubwa kuliko mafanikio yake. Mwanzoni nyumba ya kuuza ilibanwa bei kwa miaka mitano tu. Baada ya hapo mwenye nyumba aliuza kwa bei ya soko. Miaka mitano ni mifupi kuliko mtoto kumaliza shule ya msingi. Nyumba zilikuwa zinaingia kwenye mpango kwa mlango wa mbele na kutoka kwa wa nyuma. Wakaongeza hadi miaka 10, na baadaye hadi 30 kwa za kuuza na 99 kwa za kupangisha, lakini zile za kizazi cha kwanza zilikuwa zimekwenda.

Pale mahakama ilipoamuru mji

Kesi nyingi za habari hii zinakwenda upande mmoja: mji unaamuru, mwendelezaji anakataa. New Jersey iligeuza meza. Katika mji wa Mount Laurel waliishi familia za Waafrika-Wamarekani ambazo zilikuwa hapo kwa vizazi, nyingi katika nyumba mbovu. Wakazi, akiwemo Ethel Lawrence, walitaka kujenga nyumba 36 za bei nafuu. Mji ulikataa kibali kwa kutumia mpango wake wa ardhi, ambao uliruhusu zaidi nyumba za kujitegemea kwenye viwanja vikubwa. Meya wa wakati huo aliwaambia watu wale kanisani kwao, kwa maneno yasiyo na pazia, kwamba wasioweza kumudu mji huo itawabidi waondoke.

Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya New Jersey ilisema hivi: mamlaka ya kupanga ardhi ni ya jimbo, mji umeazimwa tu, na kilichoazimwa kwa faida ya watu wote hakiwezi kutumiwa kuwafungia nje maskini. Kila mji unaoendelea kukua lazima ubebe fungu lake la mahitaji ya nyumba ya eneo zima. Miji ikapuuza. Mwaka 1983 mahakama hiyo hiyo ikarudi ikiwa na meno: mwendelezaji anayekubali kutenga nyumba za bei nafuu anaweza kuushtaki mji uliomnyima kibali, na akishinda, anajenga hata kama mpango wa mji unakataa. Ghafla waendelezaji, ambao kwingineko ni wapinzani wa sharti hili, wakawa ndio askari wake.

Ethel Lawrence alifariki mwaka 1994. Jengo la kwanza la nyumba zinazoitwa kwa jina lake, huko huko Mount Laurel, lilipata wakazi mwaka 2000, miaka 25 baada ya hukumu ya kwanza.

California yajirekebisha

Turudi kwa Palmer. Baada ya hukumu ya 2009, miji ya California iliyokuwa na sharti hili kwa nyumba za kupangisha iliingia baridi. Ikatafuta njia ya kuzunguka, na wengi wakaiona njia kwenye ada: badala ya kumwambia mtu ajenge nyumba nafuu, mtoze kiasi fulani kwa kila futi ya mraba, kisha mji wenyewe upeleke fedha hizo kwa mashirika yasiyo ya faida yanayojenga. Waswahili walisema penye udhia penyeza rupia. Hapa rupia inapenyezwa mchana, kwa risiti.

Njia nyingine ilikuwa kurekebisha sheria bungeni. Mwaka 2013 bunge la jimbo lilipitisha marekebisho, Gavana Jerry Brown akayakataa, mojawapo ya sababu zake ikiwa kwamba Mahakama ya Juu ya California ilikuwa na kesi ya San Jose mezani na afadhali kuisubiri.

Sheria ndogo ya San Jose ilikuwa ya 2010, na ilihusu nyumba za kuuza, kwa hiyo Costa-Hawkins, ambayo ni ya kodi ya pango, haikuigusa. Ilitaka asilimia 15 katika miradi ya nyumba 20 na zaidi, na bei ibanwe kwa miaka 45. Asiyetaka kujenga ndani ya mradi aliweza kujenga kwingine (lakini hapo asilimia ilipanda hadi 20), au kutoa ardhi, au kulipa ada. Chama cha wajenzi cha California kilidai kwamba hili ni tozo la kumpora mwendelezaji, na kwamba jiji lithibitishe kwanza jinsi miradi mipya inavyosababisha uhaba wa nyumba nafuu. Mwezi Juni 2015 majaji wote, bila hata mmoja kujitenga, walikataa. Jaji Mkuu Tani Cantil-Sakauye aliandika kwamba jiji halimwombi mwendelezaji chochote chake. Halichukui ardhi yake, halimtwishi mzigo wa umma. Linamwambia tu namna anavyoweza kuitumia mali yake, kama vile linavyoweza kumwambia asipande zaidi ya ghorofa fulani. Jina, kwa mara hii, lilikuwa matumizi ya ardhi, na jiji likashinda.

Miaka miwili baadaye Brown akasaini. Sheria ya Septemba 2017, iliyoanza kazi Januari 2018, inasema wazi kwamba mji au kaunti inaweza kuweka sharti la nyumba nafuu hata kwa nyumba za kupangisha, mradi impe mwendelezaji njia mbadala za kulitimiza. Ila jimbo halikuachia kamba yote: mji ukidai zaidi ya asilimia 15 kwa watu wa kipato kidogo, wizara ya nyumba ya jimbo inaweza kuuita uje uthibitishe kwamba sharti lake haliui ujenzi.

Colorado ilipita njia hiyo hiyo kwa mwendo wa kobe. Mji wa Telluride, wa milimani, wa watu wanaoteleza kwenye theluji, uliwataka waendelezaji wawajengee makazi sehemu ya wafanyakazi ambao miradi yao ingehitaji. Mwaka 2000 mahakama ya juu ya jimbo ikasema huo ni udhibiti wa kodi, umekatazwa. Bunge la jimbo lilirudisha mamlaka hayo mwaka 2021. Miaka 21 wapishi na wasafisha vyumba waliendelea kupanda mlima asubuhi na kuteremka usiku.

Mlango mwingine: kutwaa mali

Hadi hapo tumekuwa kwenye ugomvi wa mji na jimbo, na jimbo likitaka, ugomvi huo unakwisha kwa sheria moja. Kuna ugomvi wa juu zaidi ambao hakuna bunge la jimbo linaloweza kuumaliza: Katiba ya Marekani inakataza kutwaa mali ya mtu kwa matumizi ya umma bila fidia ya haki. Sharti la kibali linaweza kuwa kutwaa mali kwa mlango wa uani.

Kesi iliyofungua jambo hili ilitoka ufukweni, huko huko California. Familia ya Nollan ilitaka kujenga nyumba kubwa zaidi kando ya bahari. Tume ya pwani ikasema sawa, lakini acheni watu wapite kwenye ufukwe wenu. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ikauliza: nyumba kubwa na watu kupita vinahusiana nini? Sharti lazima lihusiane na madhara ya mradi. Mwaka 1994 Florence Dolan, mwenye duka la vifaa vya mabomba na umeme mjini Tigard, Oregon, alitakiwa kutoa sehemu ya kiwanja kwa ajili ya mafuriko na njia ya baiskeli ili aruhusiwe kupanua duka. Mahakama ikaongeza: hata kama vinahusiana, ukubwa wa sharti ulingane, japo kwa kukadiria, na ukubwa wa madhara. Mwaka 2013, katika kesi ya Koontz ya Florida, ikasema kipimo hicho kinahusu pia fedha, si ardhi peke yake.

Miji ilibaki na ngao moja. Mahakama nyingi za majimbo zilishikilia kwamba kipimo hiki ni cha masharti anayobuniwa mtu mmoja mmoja kaunta, ambako afisa anaweza kumbana; ada iliyowekwa kwa sheria ndogo na kuwahusu wote haikuguswa. Jaji Clarence Thomas alilalamikia ngao hiyo mwaka 2016, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataa kuisikiliza rufaa ya wajenzi dhidi ya San Jose. Aprili 2024 ngao ikavunjika. George Sheetz alitaka kuweka nyumba iliyotengenezwa kiwandani kwenye kiwanja chake katika Kaunti ya El Dorado, California, na kaunti ikamtoza dola 23,420 za barabara kwa mujibu wa jedwali lake. Majaji wote tisa walikubaliana: Katiba haitofautishi kama aliyekutoza ni karani au ni baraza zima. Hawakusema, hata hivyo, kama ada ya jedwali inayowahusu wengi ipimwe kwa ukali ule ule wa sharti la mtu mmoja. Swali hilo waliliacha mezani.

Ona sasa mzunguko wake. Palmer aliikimbiza miji kutoka kwenye sharti la kujenga ikaingia kwenye ada. Koontz na Sheetz zikaja kuifanya ada kuwa mahali penye hatari zaidi, wakati sharti la kujenga, lile la San Jose, limebaki limesimama kwa sababu "halichukui kitu". Kwa maoni yangu ukuta unaotenganisha haya mawili ni mwembamba kama karatasi ya mandazi. Kumwambia mtu "uza kwa nusu bei" na kumwambia "uza kwa bei kamili kisha nipe nusu" mfukoni kunatoka fedha zile zile. Lakini sheria inaishi kwenye kuta nyembamba.

Nyumba 19

Mamlaka ni jambo moja, kipimo ni jingine. Oregon ilikataza sharti hili mwaka 1999 na kuliruhusu tena 2016. Portland ikaliweka kuanzia Februari 2017, kwa majengo ya nyumba 20 na zaidi. Kabla ya siku hiyo waendelezaji walimiminika kuomba vibali chini ya sheria ya zamani. Baada yake yakaanza kuchipuka majengo ya nyumba 19. San Francisco nayo: wapiga kura wa Juni 2016 walikubali kupandisha kiwango kutoka asilimia 12 hadi 25 kwa miradi mikubwa, wataalamu waliopewa kazi ya kupiga hesabu wakarudi na kusema soko halibebi hivyo, halmashauri ikashusha mwaka 2017, na 2023 ikashusha tena. Nguvu ya kisheria ya kudai 25 ilikuwepo. Lakini asilimia 25 ya jengo lisilojengwa ni sifuri, na sifuri haina vyumba.

Kama ingekuwa Kilimani

Kenya imechagua njia nyingine kabisa ya kujibu swali la nani alipe. Baada ya Mahakama Kuu kuufuta ushuru wa nyumba Novemba 2023, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024 iliurudisha: mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote, mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho, na serikali ya kitaifa ndiyo inayojenga. Mwendelezaji anayesimamisha ghorofa 15 pale Kilimani, mtaa wa Nairobi, hadaiwi nyumba hata moja. Mwalimu wa Turkana anachangia.

Je, Kaunti ya Nairobi ingeweza kufanya kama Montgomery? Nyongeza ya Nne ya Katiba ya 2010 inaipa serikali ya kitaifa "sera ya nyumba", na inazipa kaunti mipango na maendeleo, nyumba zikiwa zimetajwa humo kwa jina. Sheria ya mipango ya 2019 inaipa kaunti uwezo wa kutoa kibali chenye masharti. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Kwa upande huo kaunti ina zaidi ya ilivyokuwa nayo Fairfax ya 1971.

Lakini wakili wa mwendelezaji angeanza palepale alipoanzia wa Palmer. Kama ni ada, angesema, ni kodi kwa jina la kupanga, na kifungu cha 209 kinaziruhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na nyingine tu iliyoidhinishwa na sheria ya Bunge. Kama ni kuuza chini ya bei, angefungua kifungu cha 40 na kuuliza fidia iko wapi. Kama ni kodi ya pango, angetoa sheria ya zamani ya taifa inayodhibiti kodi za nyumba, ambayo kikomo chake bado ni shilingi 2,500 kwa mwezi, na kuuliza kaunti imepata wapi ruhusa ya kutunga nyingine. Wakili wa kaunti angekuwa na jibu moja lililo salama zaidi kuliko mengine: aandike sharti lake ndani ya mpango wa ardhi wenyewe, amwonyeshe mwendelezaji ghorofa tatu za ziada alizompa, na neno kodi asilitaje popote.